Shajara ya safari ya Ziwa Natron kutoka Tabora

Tuko watu sita, wote wakazi wa Tabora mjini: fundi magari, muuguzi, walimu wawili, mfanyabiashara wa asali, na mimi ninayeandika, ambaye ni mhasibu. Tumekubaliana kusafiri hadi Ziwa Natron, kupiga kambi siku tatu na kurudi. Ninaandika kila hatua inapokamilika ili kikundi kingine kinachotaka kwenda kichukue hesabu zetu na kisirudie makosa yetu. Yaliyokwenda vizuri nitayapita kwa maneno machache, na yaliyoharibika nitayaeleza kwa kirefu.

Jumapili, 6 Aprili 2025: Kuchagua ziwa

Tulitaka ziwa la nchi kame, kwa kuwa wote sita tumekulia katikati ya miombo, na maziwa tuliyoyazoea ni ya maji ya kunywa. Majina matatu yaliletwa mezani. Turkana, lililo kaskazini mwa Kenya, ndilo ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani, lenye urefu wa takriban kilomita 290, lakini siku tulizoweza kuomba likizo zisingetosha hata kwa barabara. Eyasi liko karibu nasi zaidi, ila kiangazi kikikolea hupungua sana hadi sehemu kubwa ikabaki tambarare nyeupe ya chumvi. Likabaki Natron, lililo Mkoa wa Arusha, kwenye mpaka wa Kenya.

Tuliyojifunza kabla ya kupiga kura ndiyo yaliyotuvuta. Ziwa hili liko kwenye mwinuko wa takriban mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, nusu ya mwinuko wa Tabora, na joto la mchana hupita nyuzi 40. Kina chake hakifiki mita tatu. Linapokea maji ya Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini na ya chemchemi za moto, lakini hakuna mto unaotoka, kwa hiyo maji huondoka kwa kuvukizwa na jua peke yake, na magadi hubaki nyuma mwaka baada ya mwaka. Huku kwetu magadi tunayajua kutoka jikoni, maana kipande kidogo hulainisha sufuria nzima ya maharage. Sasa mtu afikirie ziwa zima la namna hiyo. Maji hayo yanayochoma ndiyo yanayowalinda heroe wadogo (ndege waitwao pia flamingo), ambao hujenga viota vya matope katikati ya ziwa, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo, na tangu mwaka 2001 bonde la ziwa hilo liko katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Tulipitisha sharti moja siku hiyo hiyo: hakuna atakayejaribu kusogelea viota. Tutatazama kwa darubini kutoka ufukweni, na kama ndege watakuwa mbali, basi tutaridhika na umbali huo.

Jumamosi, 26 Aprili 2025: Makisio ya kwanza, na kilichokosekana ndani yake

Tarehe tumeipanga kuanzia 6 hadi 11 Agosti. Ni kiangazi, Nane Nane inaangukia Ijumaa, na mwezi utakuwa mpevu usiku wa tarehe 9, jambo litakalotusaidia kambini. Njia ni Nzega, Igunga, mlima wa Sekenke, Singida, Katesh, Babati, Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha tunaiacha lami na kuelekea kaskazini kupitia Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero. Kwenda peke yake ni zaidi ya kilomita 700.

Makisio niliyoyaandaa yalikuwa Sh 1,560,000, yaani Sh 260,000 kwa kila mmoja, tukisafiri hadi mwisho kwa Noah ya mwenzetu. Maji niliyaandikia mstari mmoja: watu sita, lita tatu kila mmoja kwa siku, siku tatu, jumla lita 54, yaani madumu matatu ya lita 20. Nilijiona nimekuwa mwangalifu kwa kuongeza lita sita za ziada.

Ninaacha mstari huo hapa kama ulivyokuwa, kwa sababu makosa yote makubwa ya mradi huu yalitoka ndani yake. Nilikuwa nimehesabu usafiri, malazi na chakula kwanza, kisha nikayatafutia maji nafasi kwenye salio.

Jumamosi, 24 Mei 2025: Jaribio la kwanza, Bwawa la Igombe

Tulikwenda Igombe asubuhi, kila mmoja akiwa na lita zake tatu zilizopimwa, tukatembea kuanzia saa tatu kando ya bwawa na kurudi, tukiwa na mizigo mgongoni. Sharti lilikuwa kutokunywa maji mengine yoyote mpaka jua lizame.

Kufikia saa nane mchana lita zote 18 zilikuwa zimekwisha. Mwalimu mmoja, ambaye alikuwa ameyabana maji yake ili yamfikishe jioni, alipatwa na kichwa kikali na kizunguzungu saa saba. Muuguzi wetu alimlaza kivulini, akampa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari kidogo kidogo, na alipopata nafuu tukavunja jaribio. Ilikuwa Mei, upepo wa baridi umeanza, na tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200. Kama lita tatu hazikufika jioni hapa nyumbani, kule zisingefika adhuhuri.

Makosa mawili zaidi yalionekana tulipokaa kujadili. Nilikuwa nimewasahau dereva na kiongozi wa njia, kwa hiyo wanywaji ni wanane. Tena nilikuwa sikuweka maji ya kupikia, wala ya kuosha miguu itakayokanyaga tope la magadi.

Jioni baba mkubwa wa mfanyabiashara wa asali alitusikiliza, akatukumbusha habari ambayo kila mtoto wa Unyamwezi angepaswa kuijua. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka hapa Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 walilazimika kupita Mgunda Mkali, pori kame lililotenganisha Unyamwezi na Ugogo, na huko urefu wa hatua ya siku uliamuliwa na mahali kilipo kisima. “Wao walipanga maji, safari ikafuata,” alisema mzee. Nimeligeuza daftari na kuanza ukurasa mpya, maji yakiwa juu kabisa.

Hesabu mpya: watu wanane, lita nane kwa matumizi yote, siku tatu, ni lita 192. Tukaongeza siku moja ya akiba, lita 64, ikawa 256, yaani madumu 13.

Jumapili, 8 Juni 2025: Gari

Fundi alipoiona hesabu hiyo aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: madumu 13 yana uzito gani? Ni zaidi ya kilo 260, kabla ya watu, mahema na chakula. Tulikuwa tumewaza kuyafunga kwenye kerea juu ya gari, naye akatueleza kwamba uzito huo ukiwa juu, kwenye njia yenye makorongo na mteremko wa pembeni, gari linaweza kulala ubavu.

Ili tusibishane kwa maneno tuliipakia Noah madumu manane, tukayaweka sakafuni, na kuipeleka kwenye mkondo mkavu wa mchanga nje ya mji. Ilikwenda kama mita 30, ikazama hadi tumboni. Tulipunguza upepo wa magurudumu, tukachimba, tukaweka matawi, na ilitoka baada ya saa moja na nusu, bomba la moshi likiwa limeng'oka. Matengenezo yaligharimu Sh 64,000. Ninaziona kuwa fedha zilizotumika vizuri kuliko zote katika mradi huu, kwa maana barabara ya kaskazini mwa Mto wa Mbu ina mikondo ya namna hiyo mingi, pamoja na vumbi la majivu ya volkano, na kule hakuna wenzetu wa kuja kutukwamua kwa simu moja.

Uamuzi ni huu: Noah itaishia Mto wa Mbu, tutaiacha kwenye nyumba ya wageni yenye uzio, na kutoka hapo tutakodi Land Cruiser pamoja na dereva anayeijua njia. Gharama inapanda sana, lakini hakuna aliyepinga.

Suala la uzito lilipata ufumbuzi kwa kuyagawa maji. Tulizungumza kwa simu na mwenyeji wa Engare Sero, akathibitisha kwamba mto unaoteremka kutoka kwenye korongo la maporomoko, jirani na kijiji, ni wa maji matamu na hutiririka hata kiangazi. Maji ya kuoshea tutayachota hapo, na ya kupikia pia, kwa kuwa yatachemka. Tutabeba ya kunywa tu: lita tano kwa watu wanane kwa siku tatu ni 120, na siku ya akiba ni 40, jumla lita 160. Madumu manane yatakaa sakafuni, nyuma ya viti, wala hayatapanda juu ya gari.

Jumamosi, 28 Juni 2025: Jaribio la pili, kulala nje

Tulirudi Igombe kwa usiku mmoja. Jaribio hili lilituonyesha mambo matatu.

La kwanza ni madumu yenyewe. Yale ya bei nafuu, yaliyokuwa na mafuta ya kula, tuliyaosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, na bado maji yaliyolala ndani yake yalinuka kiasi cha kumfanya mtu anywe kidogo kuliko anavyohitaji. Katika safari hii hiyo ni hatari. Tuliyaacha na kununua mapya manane kwa Sh 6,000 kila moja. Vizibo navyo vilivujisha maji barabarani kwa mtikisiko, hata vilipokazwa kwa nguvu. Fundi alikata vipande vya nailoni nzito, akaviweka mdomoni mwa dumu chini ya kizibo, kisha akazungushia utepe wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kwenye njia ya kurudi hakuna lililovuja.

La pili ni chakula. Tulibeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga, dagaa wa Kigoma waliotiwa chumvi na asali. Matobolwa ni chakula chepesi, hayaozi na yanashibisha, lakini yakitafunwa makavu hunyonya mate yote kinywani, na pamoja na dagaa wa chumvi yalituongezea karibu lita moja ya maji kwa kila mtu. Tumeamua kwamba matobolwa yataliwa asubuhi kwa chai peke yake, dagaa watalowekwa kuondolewa chumvi na kupikwa usiku, na mchana tutakula vitu vyenye maji ndani yake: machungwa, matango, na ndizi tutakazonunua Mto wa Mbu, mji unaosifika kwa ndizi. Uji nao ni maji, alituambia muuguzi, kwa hiyo lita zinazoingia kwenye uji hazijapotea.

La tatu ni hema. Vigingi vilivyokuja na mahema ni vyembamba kama sindano za kufumia. Kwenye udongo wa Igombe vilishika, lakini tulipojaribu kwenye mchanga vilitoka kwa mkono mmoja. Tunabeba viroba vitupu 12, ambavyo kule tutavijaza mchanga na mawe, kisha tufungie kamba za hema kwenye viroba hivyo.

Ijumaa, 18 Julai 2025: Kuhusu mlima

Vijana wawili kati yetu walitaka tupande Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, na ninaelewa kwa nini. Ndiyo volkano pekee duniani ijulikanayo kutoa lava yenye magadi katika zama zetu, lava inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Una mita zipatazo 2,960, na mtu huanza kupanda usiku wa manane ili awe ameshuka kabla jua halijachoma.

Tulijadiliana kwa kirefu, na uamuzi ukatokana na daftari la maji. Mpandaji angehitaji lita zisizopungua tano mgongoni kwa usiku na asubuhi hiyo, na angerudi akiwa amechoka kiasi cha kutumia akiba ya wenzake mchana. Lita zetu 160 hazina nafasi hiyo. Mlima tutautazama kutoka chini, na wanaotaka kuupanda wapange safari yake ya peke yake.

Badala yake tumeweka mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu: matembezi ya ufukweni alfajiri, korongo la maporomoko mchana penye kivuli, na nyayo za kale za binadamu zilizokutwa kwenye tabaka la majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, zaidi ya 400, ambazo wataalamu wanasema zina umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Njiani tutasimama Engaruka kuona mabaki ya mashamba ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa mawe kuanzia takriban karne ya 15 na watu waliojua kuugawa mto katika nchi kame.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Kila kitu kimepakiwa. Ramani imechapishwa kwenye karatasi kwa kuwa mtandao wa simu kule si wa kutegemea. Shemeji yangu amebaki na orodha ya majina yetu, njia yetu, na saa ambayo asipotusikia Jumapili jioni aanze kupiga simu. Tunaondoka saa kumi alfajiri.

Jumatano, 13 Agosti 2025: Baada ya kurudi

Tumerudi wote sita tukiwa wazima. Ninaandika kwanza yaliyokwenda kinyume na mpango.

Dumu moja lilipoteza lita saba kati ya Engaruka na Engare Sero. Nailoni ilikuwapo, utepe wa mpira ulikuwapo, lakini tulililaza ili kumpisha mtu miguu, na kizibo kikasuguliwa na chuma cha kiti. Madumu yasimame wima muda wote, na pembeni yake yapachikwe matandiko ili yasisogee.

Kosa la pili lingeweza kuwa baya zaidi. Asubuhi ya Ijumaa tulitoka kambini saa kumi na mbili na nusu badala ya saa kumi na moja, kwa kuwa ufukwe ulionekana uko karibu. Tambarare ile haina mti wala jiwe la kukusaidia kupima umbali, na jua likianza kupanda huja mazigazi yanayolisogeza ziwa karibu na kulirudisha nyuma. Tulifika majini saa moja baadaye kuliko tulivyokadiria, na tulipogeuka kurudi ilikuwa saa nne na nusu, ardhi imeshakuwa ya moto kupitia soli za viatu. Kila mmoja alikuwa amebeba lita mbili na nusu, na kwenye gari hakuna aliyebakiwa na tone. Siku ya pili tuliondoka saa kumi na moja kwa mbalamwezi, kila mmoja na lita tatu na nusu, na saa tatu tulikuwa tumesharudi kivulini.

Kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai wa pale kijijini, alitusimamisha mbali na maji kuliko tulivyotarajia. Gamba la magadi linaonekana gumu kama sakafu, na chini yake kuna tope linaloweza kummeza mtu hadi magotini na kumchubua ngozi. Tulimtii. Kwa darubini tuliwaona heroe, mstari mrefu wa waridi uliokuwa ukiinama na kuinuka, wakichuja vijidudu vya majini vinavyowapa rangi yao. Mwenzetu mwalimu, aliyeugua Igombe, alikaa chini akawatazama zaidi ya nusu saa bila kusema neno.

Upepo ulianza jioni zote tatu, mkali na wenye vumbi. Viroba vilishika. Hema moja ambalo tulilifunga kwa vigingi, kwa haraka ya usiku wa kwanza, lilianguka saa tano na nguzo yake ikavunjika.

Vumbi la magadi linakula chuma. Zipu mbili za mahema ziligoma siku ya tatu, na jiko la gesi limeanza kuota kutu mdomoni. Tulipofika Mto wa Mbu tuliosha kila kitu kwa maji mengi, lakini ingefaa kupaka zipu nta ya nyuki kabla ya kuondoka. Sisi watu wa Tabora tusingekosa nta.

Hesabu ya maji ilikuwa hivi: tulibeba lita 160, tukanywa 127, zikamwagika 7, zikabaki 26, ambazo tulimwachia dereva. Ni wastani wa lita 5.3 kwa mtu kwa siku, juu kidogo ya tano tulizopanga, na hiyo ni Agosti, siyo miezi ya joto kali. Kikundi kitakachokwenda Oktoba kiandike saba.

Hesabu ya fedha: mafuta ya Noah Sh 412,000, Land Cruiser kwa siku tatu, pamoja na dereva na mafuta, Sh 1,050,000, vyumba vya njiani kwa usiku mbili Sh 180,000, kambi, kiongozi na ushuru wa vizuizi vya njiani, ambao katika makisio ya kwanza sikuuweka kabisa, Sh 540,000, chakula Sh 186,000, madumu Sh 48,000, majaribio mawili ya Igombe Sh 70,000, matengenezo ya Noah Sh 64,000. Jumla ni Sh 2,550,000, yaani Sh 425,000 kwa kila mmoja, nyongeza ya Sh 165,000 juu ya makisio ya kwanza. Anayetaka kuipunguza asiguse fungu la gari wala la maji. Akusanye watu saba, kwa kuwa gari lile lina nafasi moja zaidi, kisha aongeze dumu la tisa.

Madumu manane yameoshwa, yamekaushwa, na yako stoo kwa fundi. Atakayeyahitaji aje ayachukue, arudishe na vizibo vyake.